Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Kutafuta Wachezaji

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita ulinituma kazi moja. Mlisema meza zetu mbili za kuigiza hadithi za angani, ambamo kila mchezaji anamwamulia mhusika wake na dadu huamua kama amefaulu, zimebaki na wachezaji wa kuhesabika (tunaziita meza, ingawa kila mtu yuko nyuma ya skrini yake), mkaiagiza kamati itafute wengine. Nami nikaahidi, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuandika tangazo maishani, kwamba baada ya miezi mitatu tutakuwa tunarudisha watu mlangoni. Meza zote mbili sasa zimejaa. Lakini tumetumia mwaka mzima, na katikati yake kulikuwa na kipindi ambacho meza ya pili nusura ivunjike kabisa.

Nianze na tangazo la kwanza. Nililiandika mwenyewe, na sitaki lawama zake zimwangukie katibu. Lilisimulia vizazi saba vya vita kati ya makoloni, anguko la baraza, ugonjwa unaokula kumbukumbu, na sababu ya vyombo vyetu kusafiri taa zikiwa zimezimwa. Msomaji alipita aya sita bila kujua tunacheza siku gani, na hata akifika mwisho hakujua, maana siku sikuitaja. Saa niliitaja. Niliandika "saa mbili". Mbili ipi, na ya nchi gani, nilimwachia akisie.

Walioitikia walikuwa wengi, na hicho ndicho kilichonipumbaza. Walijaza fomu, wakatuma historia za wahusika wao ndefu kuliko tangazo lenyewe, wakaingia kikao cha kwanza kwa shangwe. Kufikia kikao cha tatu nusu yao walikuwa wameingia mitini. Hakuna aliyeaga. Nilikasirika, nikamwambia katibu kwamba watu siku hizi hawana adabu. Yeye, kwa upole wake, akapendekeza tuwaulize. Tuliwaandikia tuliowapata, na majibu yao, ingawa kila mmoja aliyaweka kwa namna yake, yalikuwa yaleyale: tuliwaita kwenye vita vya nyota, wakafika wakakuta watu watano ndani ya korido isiyo na mwanga wanahesabu hewa iliyobaki kwenye mtungi.

Walikuwa na haki. Huo ndio mchezo wetu hasa, na ndio tunaoupenda, lakini hatukuwaambia.

Wenye siku nyingi chamani mnisamehe nikirudia mnayoyajua. Tunatumia dadu mbili za nyuso kumi, zinazotoa namba kuanzia 1 hadi 100, na mchezaji anafaulu akipata namba iliyo sawa na ujuzi wa mhusika wake au chini yake. Mhusika mpya huanza na ujuzi wa 35 hivi katika mambo mengi. Maana yake, karibu mara mbili katika kila tatu anashindwa. Mtu aliyelelewa na michezo ya mashujaa, ukoo ulioanzishwa na Dungeons & Dragons mwaka 1974, amezoea mhusika anayepanda ngazi na kuongezeka nguvu kila anapomaliza hatari moja. Sisi ni wa ukoo mwingine. Traveller, iliyotoka 1977, ilijulikana kwa kanuni iliyomwezesha mhusika kufa wakati bado unamtengeneza, kabla mchezo haujaanza. Call of Cthulhu ya 1981 ilimpa mchezaji alama za utimamu wa akili, kisha ikamtaka achunguze mambo yaleyale ambayo akiyajua alama hizo zinapungua. Mchezaji wa aina hii hakai kusubiri ushindi. Anakaa aone mhusika wake atamsaliti nani, au atamwokoa nani, hewa ikikaribia kuisha. Asiyefahamishwa hivyo mapema, dadu zikimkataa mara nne mfululizo, ataona anaonewa.

Tangazo la pili tuliliandika na katibu kwa wiki mbili, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kufuta. Vizazi saba vya vita vilikwenda vyote. Tulianza na sentensi tatu: "Kofia yako imepasuka. Una sekunde kumi na chache kabla ya kuzimia. Utamwambia nini aliye upande wa pili wa mlango?" Mjumbe mmoja wa kamati alidhani sekunde hizo tumezibuni ili kutisha watu. Hatukuzibuni. Mwaka 1966, katika chumba cha majaribio cha NASA ambacho hewa yake ilikuwa imeondolewa, bomba la vazi la fundi mmoja lilichomoka. Alizimia baada ya sekunde kama 14. Aliokolewa, na baadaye alisimulia kwamba jambo la mwisho alilokumbuka ni mate kuchemka juu ya ulimi wake. Ukiwa na jambo kama hilo mkononi, huna haja ya zimwi.

Baada ya sentensi hizo tatu yalifuata mambo makavu: siku na saa kwa UTC (saa ya kimataifa isiyobadilika), kwamba tunapokea wenye miaka 18 na kuendelea tu, kwamba mhusika wako huenda akafa na ni lazima uwe na wa pili tayari, na kwamba kampeni, yaani hadithi nzima, ina mwisho, vikao kumi na viwili, si ndoa. Hilo la mwisho lilileta watu ambao sikuwatarajia. Kuna wachezaji wazuri wengi wanaoogopa kujiunga kwa sababu hawaoni mlango wa kutokea kwa heshima.

Kuhusu mhusika wa pili, wazo si letu. Mchezo wa Paranoia wa 1984 ulimpa kila mchezaji nakala sita za mhusika wake, kifo kikawa kichekesho. Sisi hatutaki kicheko, lakini tulihitaji dawa ya tatizo hilohilo. Mwaka juzi mchezaji alifiwa na mhusika dakika ya ishirini ya kikao, akakaa kimya saa mbili akisikiliza wenzake, na hakurudi tena. Sasa mhusika wa pili yuko humohumo chomboni, amelala kwenye kitanda cha barafu au amefungiwa mahabusu, na anaamshwa.

Walioitikia tangazo la pili walikuwa wachache sana kuliko wale wa kwanza. Kwa wiki nzima katibu alikuwa ananiandikia akiuliza kama tumekosea. Lakini hawa wachache wamekaa.

Fomu nayo tuliibadilisha. Hatuombi tena historia ya mhusika. Tunauliza maswali matatu: mhusika wako anaficha nini na nani ataumia kikijulikana; siku zipi huwezi; na kitu gani hutaki kukutana nacho kabisa mchezoni. Katika kundi hilo kulikuwa na mwombaji aliyejibu swali la kwanza kwa mistari miwili tu. Nilitaka tumkatae, nikasema hajajitahidi. Katibu alinisomea tena, polepole: "Nitamcheza fundi wa hewa. Anajua imebaki kiasi gani na hajawaambia." Nilikaa kimya. Mistari hiyo miwili iliendesha vikao vitano, na aliyeiandika ndiye aliyesimamia meza ya pili nilipougua. Tangu hapo siwachuji watu kwa urefu wa maandishi, na nawaomba wajumbe wenzangu waache pia.

Lilikuja pendekezo kwamba tuwachuje waombaji kwa makundi manne ya Richard Bartle, yule ambaye yeye na Roy Trubshaw waliunda MUD, dunia ya maandishi ya wachezaji wengi, katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978. Katika makala yake ya 1996 aliwagawa wachezaji kuwa wapenda mafanikio, wapelelezi, wapenda watu, na wanaofurahia kuwasumbua wengine. Nimeisoma makala hiyo na ninaiheshimu. Lakini iliandikwa kuhusu dunia zenye umati, ambamo kila kundi lina pa kukimbilia na makundi yanapimana nguvu. Kwenye meza ya watu sita msumbufu mmoja anatosha kuvunja kikao, na hilo hulijui kwa kumpa maswali. Unalijua kwa kucheza naye kikao kimoja cha majaribio. Kamati ilipiga kura, pendekezo likaanguka. Aliyelitoa bado hajanisamehe, nadhani.

Sasa hesabu, kwa kuwa niliahidi kueleza kwa nini tumepandisha idadi ya wachezaji kwa kila meza. Zamani tulichukua watano na hatukuanza mpaka wote wawepo. Chukulia kila mmoja ni mtu wa kuaminika anayehudhuria mara 4 katika kila 5. Uwezekano wa kuwakuta wote watano siku moja ni takriban mara 1 kati ya 3. Vikao viwili katika kila vitatu vinaahirishwa, na hakuna mwenye kosa! Ukichukua sita wa aina hiyohiyo na ukakubali kuanza na wanne, utacheza mara 9 kati ya 10. Kwa miaka tulilaumiana kuhusu mahudhurio, kumbe tatizo lilikuwa kanuni yetu wenyewe. Asiyekuwepo mhusika wake anakuwa zamu nyingine ya chombo, basi.

Machi tulipoteza vikao viwili kwa sababu ya saa. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, nchi za Ulaya zinazobadilisha saa husubiri Jumapili ya mwisho, na wengine hatubadilishi kabisa. Kwa wiki mbili au tatu hapo katikati, wachezaji waliozoea kukutana pamoja wanapishana kwa saa nzima. Katibu sasa anatuma ukumbusho wenye UTC peke yake, na kila mtu ajitafsirie.

Niliache kwa kitambo suala la idadi, kwa sababu kuna jambo ambalo nina deni nalo kwenu.

Katika kampeni ya pili niliongoza tukio la mtoto aliyefungiwa kwenye chumba kinachovuja hewa. Mchezaji mmoja mgeni alinyamaza. Nilidhani ameguswa na hadithi, nikazidi kukaza. Alitoka bila neno. Kesho yake nilifungua fomu yake, na pale kwenye swali la tatu alikuwa ameandika kitu hichohicho. Fomu ilikuwapo. Nilikuwa sijaisoma. Nilimwandikia kuomba radhi, akapokea kwa uungwana, lakini hakurudi, na sikumbembeleza.

Tangu siku hiyo hakuna meza inayoanza bila kikao sifuri, ambacho hatuchezi, tunakubaliana. Tunaorodhesha mistari, yaani mambo yasiyoingia mchezoni kabisa, na mapazia, yaani mambo yanayotokea lakini kamera inageuka. Tumechukua pia kadi ya X iliyobuniwa na John Stavropoulos: yeyote akiandika X kwenye gumzo, tukio linakatwa na hakuna anayeulizwa sababu. Baadhi ya wakongwe walinung'unika kwamba mchezo wa giza wenye breki si wa giza tena. Nimeangalia meza zote mbili kwa miezi saba, na naona kinyume chake. Watu wanakwenda mbali zaidi sasa, kwa kuwa wanajua pa kutokea. X imetumika mara mbili tu, na moja kati ya hizo niliiandika mimi.

Kuhusu fedha, mweka hazina atawasomea. Hatukulipia tangazo lolote.

Nina ombi la mwisho. Waombaji wengine tuliwapenda, lakini hawawezi kukaa saa tatu mfululizo: wanalea watoto wachanga, wanafanya kazi za usiku, intaneti yao haibebi sauti. Ninapendekeza meza ya tatu, ya maandishi, ambamo kila mmoja anaandika anapopata nafasi. Najua pingamizi: michezo ya maandishi hufa kwa kusubiriana. Ndiyo maana hadithi yake iwe ya kusubiriana. Ishara ya redio kutoka Mirihi hadi Duniani huchukua dakika 3 hadi 22, kutegemea sayari hizo zimepishana umbali gani. Kutoka nyota iliyo jirani zaidi na Jua ni zaidi ya miaka 4. Tuwaweke wachezaji kwenye vyombo vilivyotawanyika, kila mmoja peke yake, wakiandikiana bila kujua kama mwenzao bado yu hai. Mchezaji akichelewa siku mbili kujibu, wengine wataogopa ipasavyo.

Rasimu ya tangazo la meza hiyo iko tayari na ina mistari tisa. Kabla haijatoka nataka isomwe na mtu ambaye hajawahi kucheza nasi, atuambie ameelewa nini. Kinachokosekana ni msimamizi. Mimi siwezi, kwa kuwa muda wangu wa uenyekiti unakwisha leo na nimemwahidi yule fundi wa hewa kwamba msimu ujao nitakuwa mchezaji kwenye meza yake. Anayetaka kuibeba amwone katibu kabla hatujafika kipengele cha uchaguzi.

Mwenyekiti wenu