Dripu ya lishe isiongezewe dawa wodini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wagonjwa wachache, ila walio dhaifu kuliko wengi: watoto njiti na watu waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa utumbo, ambao hulishwa kwa dripu kwa sababu hawawezi kula. Dripu hiyo si kama ile ya maji ya chumvi tuliyoizoea. Katika mfuko mmoja hukutana asidi amino (vijenzi vya protini), glukosi (sukari), mara nyingi mafuta, kisha madini na vitamini, na baadhi ya vitu hivyo havipatani.

Walio wagomvi zaidi ni kalsiamu na fosfeti. Mtoto njiti anavihitaji vyote viwili ili mifupa yake ijengeke, lakini vikizidi kiasi hushikana na kuwa fuwele, yaani chembe ngumu zisizoyeyuka, ambazo zikifika mapafuni huziba mishipa midogo ya damu. Mwaka 1994 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo viwili vilivyohusishwa na fuwele hizo. Ndiyo maana mfamasia hutanguliza fosfeti, akachanganya vizuri, na kuiacha kalsiamu hadi karibu na mwisho. Tena huchagua kalsiamu glukoneti, kwa kuwa kalsiamu kloridi huachia kalsiamu yake kwa wepesi mno. Joto nalo huongeza hatari, kinyume na sukari ambayo huyeyuka upesi katika chai ya moto, hivyo mfuko uliotoka katika friji ukiwa safi unaweza kufanya fuwele baada ya kutundikwa saa nyingi katika wodi ya Gulu au Arua wakati wa kiangazi.

Kinachonisumbua hasa ni desturi ya kuongeza dawa katika mfuko ambao tayari umetundikwa. Muuguzi huagizwa aongeze ampuli ya kalsiamu, au sodiamu baikaboneti, ambayo ikikutana na kalsiamu hufanya chokaa, naye hutii kwa nia njema. Seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria iliyozagaa katika wodi zetu, nayo hushikana na kalsiamu, hivyo haifai kabisa kwa mtoto mchanga wa siku 28 au chini yake anayepata dripu yenye kalsiamu, hata kama kila kimoja kina mshipa wake.

Wapo watakaosema kwamba muuguzi anaweza kuutazama mfuko kabla ya kuufungulia. Ni kweli, na autazame. Akiona mafuta ya manjano yamejitenga juu, autupe. Lakini weupe wa dripu yenye mafuta huzificha fuwele, na hapo jicho halisaidii kitu. Kinachosaidia ni kichujio chenye vitundu vya mikromita 1.2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kwenye mrija, au cha 0.22 ikiwa dripu haina mafuta. (Mfuko ufunikwe pia, kwani mwanga wa jua huharibu vitamini A.)

Ninachoomba ni kwamba kila hospitali inayotoa lishe hii imkabidhi mfamasia kazi ya kuchanganya, ibandike utaratibu ulioandikwa, na wanaoagiza vifaa waagize mifuko pamoja na vichujio vyake. Pasipo na chumba safi cha kuchanganyia, itumike mifuko ya kiwandani yenye vyumba vilivyotenganishwa, ingawa mingi imepimwa kwa mahitaji ya mtu mzima na haimfai mtoto njiti, ambaye ni heri apelekwe penye huduma kamili.

Mfamasia,
Jinja