Daftari la Mama Pendo

Kisumu,
Jumapili jioni.

Kwako dadangu Nafula,

Salamu nyingi sana. Natumai u buheri wa afya, wewe na watoto, na kwamba goti la mzee limetulia. Sisi huku tu wazima, ila joto linatuchoma. Najua nimenyamaza tangu tulipoagana pale steji baada ya matanga, na ulinipigia simu mara mbili sikushika. Nisamehe, dada. Leo nimeshika kalamu kwa sababu kuna daftari ambalo limenikosesha usingizi tangu Jumatano.

Ni la Pendo, wa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Mamake alikuja nalo saa ya watoto kwenda nyumbani, akaliweka juu ya meza yangu, akapekua ukurasa mmoja mmoja bila neno. Kurasa tatu zina maandishi, zilizobaki ni nyeupe. Kisha akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza: "Mwalimu, kucheza si hata nyumbani anacheza? Sasa mimi nalipia nini hapa?"

Nafula, maneno yaliniisha. Nilimtajia mtaala wa umilisi, kwamba ulipoanza kote nchini 2019 walimu wa PP1 na PP2 tuliambiwa tufundishe kwa michezo. Lilikuwa jibu la kujikinga. Yeye hakuuliza serikali inataka nini. Aliuliza mtoto wake amepata nini. Na jambo linaloniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo, nililiona kwa macho yangu Jumatatu ile ile, lakini halikunijia mdomoni.

Ngoja nikusimulie, maana wewe utaelewa.

Mwanzoni mwa muhula nilitengeneza kona ya duka darasani. Nilinunua matunda ya plastiki kwa pesa zangu, nikabandika bei, nikapanga kila kitu kwa mstari. Nilisikia tunatembelewa kutoka kaunti, nikawapanga na watoto pia: wewe utauza, wewe utanunua, wewe utasema "shikamoo muuzaji". Wakafanya. Mgeni akafurahi, akapiga picha. Alipotoka nje ya lango, hakuna mtoto hata mmoja aliyerudi kwenye duka lile. Mpaka leo ndizi zile zina vumbi. Haukuwa mchezo, Nafula, ulikuwa mchezo wa kuigiza, na mtunzi ni mimi. Sijamwambia mtu mwingine hili.

Sasa, mafundi wanaojenga vyoo vipya waliacha lundo la mchanga nyuma ya darasa. Jumatatu wakati wa mapumziko nikasikia kelele za soko kabisa. Kuna kijana wa PP1 ambaye nyanyake huuza omena pale Kibuye. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, anafukuza nzi ambao hawapo kwa tawi. Majani ya mwarobaini ndiyo omena, mchanga ndio maharagwe, na mkononi ana gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, kuukuu lenye kutu. Pendo akaja na beseni. Kijana akajaza gorogoro mpaka likafanya kilima, akapangusa juu kwa kiganja vile wanavyofanya wenyewe sokoni, akamwagia kwenye beseni. Mchanga ukatawanyika.

"Umenipunguzia!"

"Ni gorogoro nzima!"

"Ilikuwa juu, saa hii iko chini!"

Soko likasimama. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka niwaeleze. Unakumbuka habari za Piaget, yule mwanasaikolojia wa watoto, kwamba mtoto wa umri huo huangalia urefu tu, akiona kitu kimeshuka anadhani kimepungua? Nikajizuia. Sijui nilipata wapi subira hiyo. Kijana akafikiri kidogo, akaanza kurudisha mchanga ndani ya gorogoro, konzi baada ya konzi. Ukafika karibu na mdomo wa mkebe. Pendo akaingiza kidole kupima: "Ona, haijafika." Wakatazama chini wote wawili, wakaona ule uliomwagika, wakauzoa na kuuongeza. Ikafika. Pendo hakusema kitu kwa muda, halafu akasema, "Basi medna," yaani niongezee, na kijana akamtupia konzi ya nyongeza kama mfanyabiashara muungwana.

Kengele ilipolia Pendo alikuwa bado anamimina: kikombe kwenye chupa, chupa kwenye beseni, beseni kwenye gorogoro. Kesho yake nikabeba vyombo vyote nje na nikauliza swali moja tu: vikombe vingapi vitajaza gorogoro? Wakabahatisha vitano. Wakahesabu, vikawa tisa. Wakakataa, wakahesabu tena.

Hiyo ni hisabati. Hiyo ni lugha, ni kubishana bila kupigana, ni kujaribu ili ujue. Na katika daftari la Pendo, siku hiyo ni ukurasa mweupe.

Simlaumu mamake. Ni mama mboga, anaamka saa kumi alfajiri kufuata mzigo. Daftari ndilo risiti yake, ndilo kitu pekee kinachorudi nyumbani kumwonyesha pesa zimefanya kazi. Tena ana hofu ya kweli. Shule anayotaka kumpeleka Gredi ya Kwanza inawapa watoto mtihani ndipo iwapokee. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazikataza shule za umma kumpima mtoto hivyo kama sharti la kumwingiza, lakini hiyo anayoitaka si ya umma. Kwa hiyo nikimwambia "mwache mtoto acheze", mimi nabaki hapa na yeye ndiye anayekwenda kusimama kwenye lango lile.

Darasa la jirani yangu wanajaza madaftari. Nimeona mwalimu akishika mkono wa mtoto wa miaka minne kuandika "a" ukurasa mzima, mtoto anatazama dirishani. Mifupa ya kifundo cha mkono wa umri huo bado haijakomaa, Nafula, vidole vinachoka haraka. Wafinyange udongo kwanza, wakamue nguo za mwanasesere, wachote mchanga. Kalamu itakuja, na ikija itakuta mkono una nguvu. Nilimwambia hivyo mwenzangu, akanijibu wazazi wanampenda. Ni kweli, wanampenda.

Halafu nakumbuka sisi pale chuoni, usiku kucha tukikariri nani alianzisha shule ya watoto wadogo, wapi na lini: Froebel, Ujerumani, 1837, Montessori, Roma, 1907. Tulipita mtihani. Lakini hakuna siku tuliketi sakafuni na vipande vya mbao kama vile Froebel alivyowapa watoto wake, tujue mikononi mwetu kinachotokea. Labda ndiyo sababu nilishindwa kumjibu Mama Pendo. Nilifundishwa kuhusu mchezo kwa maandishi ubaoni.

Sasa, shida yangu. Ijumaa kuna mkutano wa wazazi na mwalimu mkuu amenipa dakika ishirini. Sitaki kusoma karatasi. Nataka wazazi wenyewe wakae pale kwenye mchanga, wapewe gorogoro, kikombe na beseni, wabahatishe, wabishane, halafu ndipo niseme. Na nataka nianze daftari la namna nyingine: kila wiki niandike maneno ya mtoto mwenyewe, alichouliza, alichogundua, tarehe, mzazi akapeleke nyumbani. La Pendo nimeshaanza. Ukurasa wa nne unasema: "Ilikuwa juu, saa hii iko chini." Nina watoto 47, kwa hiyo sijui kama nitaweza wote, pengine kumi kwa wiki...

Naomba mambo mawili. Mjomba wako wa useremala pale Kakamega, atuokotee vipande vya mbao vinavyobaki, avipige msasa pembe zisichome watoto. Gunia moja linatosha. Mpe dereva wa matatu Alhamisi asubuhi, nitampokea steji na kumlipa mimi. Pili, lile daftari lako la bluu ulilokuwa ukiandika vituko vya watoto wako, niazime nione ulivyokuwa ukifanya.

Na uniambie: wewe wazazi wako uliwashindaje? Au hukuwashinda? Mwalimu mkuu wako anakuachia nje saa ngapi, au bado mnafungiwa ndani? Unadhani akina baba watakubali kukaa mchangani na suruali za Ijumaa? Nimwombe Mama Pendo aje mapema anisaidie kuonyesha jinsi gorogoro linavyopimwa, maana hakuna anayeijua kazi hiyo kumshinda, au atahisi namtumia? Na yule wetu wa Bungoma, bado anafundisha ama alienda Ghuba kweli?

Nijibu kabla ya Alhamisi, hata kwa mistari miwili. Simu safari hii nitashika.

Wako akupendaye,
Atieno