Bati la omo sio dawa ya mnyororo

Ndugu mhariri, salaam.

Makala yenu ya kulinda omo, yaani ile pua ya mbele ya boti, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mmeshauri kwamba mwenye boti ya faiba akiona mnyororo wa nanga unamkwangulia pale mbele apige bati la stenlesi, yaishe. Mi nililipiga hilo bati. Halikuisha kitu.

Boti yangu ina mita 9, niliikuta imeshatumika, omo wake umesimama wima kama ukuta, zile za kisasa, alafu rola ya nanga, lile gurudumu dogo la mbele ambalo mnyororo unapita juu yake, imechomoza kidogo sana kama kidole gumba. Usiku mmoja tumeshatia nanga, watu wamelala, mkondo ukageuka ukawa unapigana na upepo, basi nikasikia kama mtu anasaga mawe chini ya kichwa changu. Asubuhi nainama kuangalia, gelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa juu ya faiba, imeliwa mstari mzima upana wa vidole vitatu na nyuzi za faiba zinachungulia. Na msidhani gelikoti ni kitu kinene jamani, mara nyingi ni nusu milimita au zaidi kidogo hivi, ukiipa mnyororo wa galvanaizi uikereze usiku kucha haifiki alfajiri.

Fundi akanifungia bati kwa skrubu, linang'aa kweli kweli, kila aliyepita gatini alisifia. Msimu uliofuata nakuta chumba cha mnyororo kina maji na nje michirizi ya kutu inashuka kwenye rangi. Kumbe skrubu zilipigwa kwenye faiba hivihivi bila kuandaliwa tundu, silanti, ile gundi ya kuzuia maji yasipenye, kapaka kingoni tu kama mtu anayepaka kucha, na nyuma ya bati maji ya chumvi yamelala miezi na miezi. Wengi wanaamini stenlesi haishiki kutu, sio kweli, ikifungiwa kwenye maji ya chumvi yaliyotuama na hewa haifiki inaoza vilevile, tena kwa vishimo vishimo ambavyo huvioni mpaka ulibandue. Nilikuwa na tatizo moja, nikalifunika, nikapata mawili.

Sasa hoja yangu mhariri ni kwamba makala imeanzia mwisho. Kabla ya kuuliza nibandike nini, mtu ajiulize mnyororo unagusaje omo wakati kuna rola iliyowekwa hapo ili usiguse. Kwangu jibu lilikuwa la wazi nikijionea aibu tu kwamba sikuliona mapema, nilikuwa natia nanga na kuuacha mnyororo umekazwa na winchi, ile mashine ya kuuvuta, moja kwa moja, hamna kamba ya kupunguza mshtuko, na nilikuwa natoa mnyororo mfupi kwa uvivu wa kuuvuta kesho yake.

Tuanze na huo ufupi. Mabaharia wanasema toa mnyororo mara tano ya kina, sawa, ila wengi wanahesabu kina cha saa ile wanatia nanga. Kina ni mita 4, toka majini mpaka kwenye rola mita 1, na maji yatajaa mita 3 nyingine usiku, hapo jumla ni 8, mara tano ni mita 40. Mtu katoa 20 anajiona kamaliza. Maji yakijaa mnyororo unanyooka kama fimbo, na upepo ukiongezeka mara mbili nguvu inayovuta boti inakuwa mara nne sio mara mbili, kila wimbi linaipa omo kipigo. Mnyororo wa milimita 8 una karibu kilo moja na nusu kwa mita, ule uzito ukilala chini unafanya kazi ya springi, ukishanyanyuka wote hamna springi tena, kinachobaki ni chuma kinakwangua chombo chako.

Alafu hiyo kamba ya kupunguza mshtuko, ambayo makala yenu haikuitaja hata kwa bahati mbaya, na kwangu ndo iliyoleta mabadiliko yote. Ni kamba ya nailoni tu. Sio ile ya plastiki inayoelea, hiyo haivutiki kama nailoni. Chukua mita 8 hivi, boti ya ukubwa wa yangu milimita 12 inatosha, mwisho mmoja weka kulabu ya mnyororo au uifunge kwa fundo la kuzungusha linalobana, mwisho wa pili ufunge kwenye chuma cha kufungia kamba hapo mbele, sio kwenye winchi. Ukishatoa mnyororo wa kutosha unanasa kulabu, unaachia mnyororo tena kidogo mpaka kamba ibebe mzigo wote na mnyororo wa ziada uning'inie umelegea katikati. Hapo kinachopita kwenye rola kikiwa kimekaza ni nailoni, inavutika inarudi, kelele zinakata (mke wangu alidhani nanga imekatika, akaamka kuniuliza mbona kimya), na winchi inapumzika manake haikuumbwa kuvumilia mishtuko usiku mzima. Pale kamba inapogusa ukingo ivalishe kipande cha mpira wa bomba, la sivyo itaanza kukatika yenyewe. Hii kamba ukiinunua nene sana ujue umejinyima, haivutiki.

Lakini nisiwe mnafiki, ule usiku wangu wa kwanza hata kamba isingeniokoa kabisa. Mkondo ukipigana na upepo boti inaweza kusogea mbele ikapanda juu ya nanga yake, mnyororo unarudi nyuma chini ya omo na kujisugua palepale, na hapo kinga juu ya gelikoti ina maana yake. Sikatai bati. Nakataa bati kuwa dawa ya kwanza na kufungwa ovyo.

Mimi la pili nilililaza mwenyewe. Nilikata kiolezo cha katoni kwanza mpaka kikakaa sawa kwenye ule mviringo, pale palipoliwa nikaosha kwa maji yasiyo ya bahari kutoa chumvi, nikaacha pakakauka siku nyingi, nikasaga nikajaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu. Kila tundu la skrubu nilitoboa kubwa kuliko inavyotakiwa, nikalijaza epoksi, ilipokauka nikatoboa tena dogo katikati, hivyo hata silanti ikichoka maji yanakutana na epoksi sio na matumbo ya faiba. Alafu silanti ya poliyurethini nikaipaka mgongo mzima wa bati mpaka ikafurika pembeni, sio kingoni tu. Wenye boti za aluminiamu kuweni waangalifu zaidi, stenlesi ikigusana na aluminiamu kwenye maji ya chumvi inayoliwa ni aluminiamu, ambayo ndo boti yenyewe, lazima kuwe na kitu cha kuzitenga na hata skrubu zisigusane nayo. Na mbao, maji yakijificha nyuma ya bati mbao inaoza kimyakimya wewe unang'arisha stenlesi tu.

Kuna wanaofunga kipande cha zulia au tairi kwa kamba wakitia nanga. Kwa usiku mmoja wa dharura sina ugomvi. Ila zulia linanasa mchanga na baada ya muda mfupi unakuwa umefunga msasa kwenye boti yako, kwahiyo livueni na kulisuuza, msiliache hapo msimu mzima. Zile plastiki angavu za kubandika zinafaa kwa mikwaruzo, ncha ya nanga ikija yenyewe inapita tu.

Na hiyo ncha ndo jambo lingine ambalo mmelipita. Makovu mengine kwenye omo sio ya mnyororo, ni ya nanga wakati inapanda. Ukisimama gatini ukaangalia utayajua, ya mnyororo ni mstari, ya nanga ni vishimo viwili vitatu karibu na rola. Watu wanabonyeza kitufe cha winchi wanaangalia pembeni, nanga inatoka majini inazunguka na boti inaruka kwenye wimbi, pu! Songa mbele polepole kwa injini ukiufuata mnyororo, usiitumie winchi kuvuta boti, ukifika juu ya nanga acha boti yenyewe iing'oe, alafu zile mita mbili za mwisho zipandishe taratibu tena ukiiangalia nanga kwa macho, ikija mgongo mgongo isubiri igeuke. Mwenye omo wima kama wangu bora arefushe rola itoke mbele zaidi, mi nimeongezewa sentimita 25 na chuma cha chini cha kuishikilia, tangu hapo nanga inaning'inia mbali na boti. Na ukianza safari ipigie pini na uifunge kamba, manake nanga iliyoachwa huru kwenye rola itakupigia ngoma njia nzima.

Ombi langu la mwisho ni ile picha. Pale mlipoonyesha bati jipya linalong'aa, juu yake mnyororo umekaza tii mpaka kwenye winchi, hamna kamba, na umeegemea shavu la rola, yaani ukuta wake wa pembeni, upande wa kushoto, kwenye galvanaizi kuna alama nyeusi pale unapojisugua. Mkiirudia hiyo makala badilisheni picha, au muiache hivyohivyo lakini muandike chini yake kinachoendelea.

Ni mimi msomaji wenu,
mwenye boti yenye mabati mawili, moja limo stoo