Malalamiko kuhusu ndago mlizozilima badala ya kuziua

Kibada, Kigamboni,
Dar es Salaam.
14 Aprili 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KAZI YA KUSAFISHA KIWANJA NA KUPANDA UKOKA, NA KAULI YA MSIMAMIZI WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini ofisini hamjambo. Huku kwangu hatujambo pia, na walio wazima kuliko sisi wote ni ndago, yale magugu niliyowaita mje kuyamaliza.

Masharti ya kazi zenu mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti, kwa hiyo sitawasomea. Naandika kwa sababu nimepiga simu mara nne haikupokelewa, na ya tano ilipokelewa na binti aliyeniambia "subiri kidogo mama", akaiweka mezani. Nilisikia watu wakiagiza chipsi mpaka salio likaisha.

Nianze na Jumamosi ya tarehe 22 Machi, maana hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Ukoka wenu ulikuwa na siku kumi na mbili ardhini, na ndago zilishaupita kimo, zimetoboa kila mahali kama sindano kwenye godoro. Nikamwita msimamizi. Alifika saa nane mchana, akapanda barazani na mabuti yenye tope, hodi hakupiga. Nimekaa mkekani na wifi yangu na majirani wawili. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, hizi ni ndago, nilikuomba tangu siku ya kwanza msizilime." Hakugeuza hata shingo kuzitazama. Akanijibu, "Mama, mambo haya ni ya kitaalamu. Mpigie mzee tuongee naye, wanaume tutaelewana."

Mzee wa nyumba hii tulimzika 2019. Mkataba nimesaini mimi. Shilingi 1,300,000 za malipo ya awali zimetoka kwenye simu yangu, na meseji ya muamala ninayo. Hata tozo ya kuvusha kirikuu chenu, hicho kigari cha mizigo, Daraja la Nyerere nimeilipa mimi, kwa kuwa dereva alidai ofisi haikumpa hela na foleni ya pantoni haiwezi. Siku zote hizo hakuna aliyemuulizia mzee.

Sasa kuhusu utaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Ifakara, nimekulia kwenye mpunga, na ndago nimeanza kuzing'oa kabla sijajua kusoma. Mtoto yeyote wa kule anajua kwamba jani si mwenye mali. Mwenye mali yuko chini, vile viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi kama tasbihi. Ukivuta juu, uzi unakatika, kiazi kinabaki. Ukipitisha jembe, umekata tasbihi vipande ishirini, na kila punje inaota shina lake. Nilimweleza msimamizi haya siku anakuja kupima. Akaitikia "sawa sawa mama" huku anachezea simu.

Tarehe 24 Februari vijana wakafyeka. Walifyeka vizuri, siwadhulumu. Majani yaliyokuwa yananifika kiunoni yaliisha kabla ya adhuhuri, na ule mlusina ulioota ukutani wakaung'oa na mizizi yake. Kilichofuata ndicho sikielewi. Kesho yake tu, tarehe 25, mkaja kupiga dawa. Mnampigia nani? Dawa ya aina ile inaingia kwa majani mabichi ndipo ishuke mizizini, na ninyi majani mlishayakata jana yake yakabaki vijiti. Mngeacha wiki mbili, zichipue zifike kama shibiri, mpige asubuhi kumetulia, msubiri wiki mbili nyingine zinyauke mpaka chini, mchimbue kwa uma na kuokota viazi kwa mkono, mmwagilie maji ili zilizojificha zijitokeze, mrudie dawa. Ndago haziishi kwa mkupuo mmoja hata mtumie dawa gani. Hapo ndipo mtu anapanda ukoka. Ninyi mlitumia siku kumi na nne toka fyekeo la kwanza hadi ukoka, na mlipiga saa tisa alasiri, kaskazi inavuma, na haikupita saa moja mvua ikateremka ikaosha kila kitu.

Ilichobakiza mvua, upepo ulishakipeleka kwa jirani. Mchicha wake umeungua wote na mistari miwili ya mihogo imegeuka njano. Nimekwenda kumwomba radhi mimi, kwa miguu yangu, kwa kosa lisilo langu. Alinikaribisha chai. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Na dawa yenyewe ilikuja kwenye chupa ya maji ya kunywa. Chupa ya lita moja na nusu, imebanduliwa karatasi, imewekwa kwenye ngazi ya jikoni. Mjukuu wangu ana miaka minne, akiona chupa anaona maji. Niliiokota mimi. Nilipouliza hii ni dawa gani, kijana mwenye bomba mgongoni akasema "ya majani tu mama." Nimeihifadhi chupa hiyo, nitaeleza kwa nini.

Halafu tarehe 27 ikaja pawatila, ile mashine ya kulimia. Nilisimama mbele yake, Ndugu Meneja, mwanamke wa miaka sitini na moja, nimenyoosha mikono kama trafiki. Msimamizi akaniambia nitaumia, nipishe. Nikapisha. Mashine ikapita kiwanja chote mara mbili na kuzisambaza ndago hadi kona ya kisima, ambako hazikuwahi kuota tangu tujenge. Tarehe 10 Machi mkatandika ukoka juu yake, mkapiga picha. Picha hiyo naiona imo kwenye tangazo lenu la mtandaoni. Naomba muiondoe. Au njooni mpige nyingine leo, muiweke pembeni yake.

Narudi kwenye Jumamosi, kwa sababu sikumaliza, na kwa sababu nikisema nimemaliza nitakuwa nadanganya.

Aliposema "mpigie mzee", nilinyamaza. Nilidhani hajui. Wifi yangu, ambaye ni dada wa huyo marehemu, aliyetoka pale barazani mwaka ule wa 2019 akiwa ameshika sanda ya kaka yake, ndiye aliyemjibu: "Mzee hayupo, alishatangulia." Mtu mwenye malezi hapo anasema pole, hata ya mdomoni. Yeye akatoa simu, akaipigia ofisi yenu, akaiweka sauti kubwa katikati ya baraza langu. Akasema, "Bosi, niko Kibada, huku hakuna mzee, kuna kina mama watupu." Na sauti kutoka ofisini kwenu, ya mtu mzima, ikacheka. Ikasema, "Huyo mama wa ndago bado hajachoka? Mpe maneno matamu urudi, kuna kazi Mjimwema." Watu wanne tumesikia. Wifi yangu alijifunika ushungi akaingia ndani, na chakula cha mchana siku hiyo hakikuliwa. Aliyeniomba samahani ni kibarua mmoja tu, yule mdogo mwembamba, kwa sauti ya chini, akiwa anafunga kamba ya kirikuu. Huyo msimfukuze. Nikisikia mmemfukuza nitaandika barua nyingine.

Nilipoianza barua hii nilikuwa na ombi dogo: mje mmalizie kazi kama mlivyoahidi, nami niwalipe 550,000 zilizobaki. Nimeiandika nikiwa na daftari la tarehe mbele yangu, na kadiri ninavyoandika ombi hilo linanichefua. Sitaki mrudi. Sitaki pawatila yenu ipite hata barabara ya mtaa huu.

Nataka 1,300,000 yangu yote, pamoja na hela ya daraja. Nataka mumlipe jirani mihogo na mchicha wake, na bei aitaje yeye, si ninyi. Nataka gharama ya vibarua nitakaowaweka mimi kuchimbua ukoka wenu na kuokota viazi vya ndago kwa mkono, kazi ambayo sasa, mvua za masika zikiwa zimeshika, itanichukua miezi. Na nataka msimamizi wenu pamoja na huyo aliyecheka waje hapa barazani, wavue viatu, wamwombe radhi wifi yangu. Si mimi. Yeye. Kwa simu sitapokea.

Ninawapa siku saba za kazi tangu mpokee barua hii. Zikipita, ile chupa isiyo na karatasi naipeleka kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wao watajua ni dawa gani na nani kawaruhusu kuitembeza kwenye chupa ya maji. Malalamiko ya huduma yatakwenda Tume ya Ushindani. Fedha nitazidai Mahakama ya Mwanzo hapa hapa Kigamboni. Mashahidi ninao, risiti ninayo, na muda ninao mwingi kuliko mnavyodhani. Mimi ni mstaafu, foleni hainitishi. Awali nilikusudia kuyasema haya kwa ofisi yenu peke yake. Nimebadili mawazo nilipofika kwenye ukurasa wa pili, ndiyo maana nakala imekwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na picha za ndago zimekwenda kwenye kundi la simu la wakazi wa mtaa wetu, ambao wanne kati yao walikuwa wanaulizia namba yenu.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, meseji ya muamala, picha sita, na bahasha ndogo. Ndani ya bahasha kuna viazi kumi na viwili vya ndago nilivyovitoa leo asubuhi kwenye eneo la hatua moja ya mguu. Vipandeni mbele ya ofisi yenu, kisha mlete pawatila.

Wenu katika kusubiri,

Mama wa ndago,
nyumba isiyo na mzee,
Kibada.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.