Shukrani kwa Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Kwako muuguzi ambaye sikupata kulijua jina lako, nakushukuru kwa moyo wote. Mwanetu alipofikishwa akiwa amelegea baada ya kutapika na kushindwa kula, wewe ndiwe uliyesisitiza apimwe sukari ya damu papo hapo, kisha ukamwomba daktari achunguze kasoro adimu ya kurithi inayouzuia mwili kuvunja mafuta ili kupata nguvu wakati wa njaa. Ulitueleza kwa upole, jambo lililotutua mzigo mkubwa, kwamba mzazi mwenye jeni moja tu yenye hitilafu huwa mzima kabisa, na kwamba, kwa kuwa sote wawili tunayo jeni hiyo, kila mimba yetu ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye kasoro hii. Sasa mwanetu halali njaa, na akiugua akakataa chakula, tunamwahisha hospitali atundikiwe dripu ya glukosi.