Mkakati wa kanseri uwahesabu na waliopona

Ndugu Mhariri,

Viongozi wetu wa afya hapa Kongo wanapozungumzia mkakati wa taifa dhidi ya kanseri, hutaja chanjo na mashine za mionzi. Vyote tunavihitaji. Lakini sijasikia wakitajwa wale waliotibiwa, wakarudi nyumbani, na sasa wanaishi nasi hapa Lubumbashi bila mtu wa kuwafuatilia.

Dada yangu mkubwa ni mmoja wao. Alipopatwa na kanseri ya titi familia iliuza kiwanja, akavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kutibiwa Lusaka, Zambia. Alikatwa titi pamoja na tezi za kwapani, akamaliza mionzi, akarudi tukamshukuru Mungu. Karatasi zake zote ni za Kiingereza, na waganga wetu wamesomea Kifaransa, kwa hiyo kila anapofika kituo cha afya huanza kusimulia ugonjwa wake upya. Mkono wa upande uliopasuliwa huvimba akibeba ndoo ya maji, maana tezi zilizokuwa zikipitisha maji ya mwili hazipo tena. Siku moja muuguzi alitaka kumfunga kipimo cha presha kwenye mkono huohuo. Dada akakataa, akaonekana mkaidi. Simlaumu muuguzi yule, hakuna aliyemfundisha.

Halafu kuna tamoksifeni. Mwanamke ambaye kanseri yake huchochewa na homoni hutakiwa kumeza dawa hiyo kila siku kwa miaka 5, pengine 10, ili ugonjwa usirudi. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, kuna miezi tunazunguka famasi za mjini tusiipate.

Kwa kanseri ya mlango wa kizazi, shirika hilo liliweka malengo mwaka 2020, yafikiwe ifikapo 2030: wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa wanapotimiza miaka 15, wanawake 70 kati ya 100 wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, na 90 kati ya 100 wanaokutwa na ugonjwa watibiwe. Jirani zetu Rwanda walianza chanjo hiyo mwaka 2011. Na kuna kipimo rahisi ambacho hata mkunga anaweza kukifanya: anapaka siki iliyochanganywa na maji, na palipoanza kuharibika hugeuka peupe.

Kazi ngumu ni kumfanya mama wa mtaa wetu wa Katuba akubali kwenda kupimwa. Mtaani watu wanaamini kanseri haiponi, kwa sababu wanaona mazishi tu. Waliopona wamekaa kimya kwa kuogopa kunyooshewa kidole. Dada yangu akisimama mbele ya akina mama kanisani na kusema "mimi nilitibiwa", watamsikiliza kuliko bango lolote. Ila hawezi kuwaita wengine kwenye matibabu ambayo yeye mwenyewe yamemtupa njiani.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya iandike katika mkakati huo: kila aliyetibiwa, ndani au nje ya nchi, awe na fishi moja ya Kifaransa yenye kumbukumbu za matibabu yake, anayotembea nayo, tamoksifeni ipatikane katika hospitali ya kila jimbo kwa bei ambayo muuza makaa anaimudu, wauguzi wafundishwe kumhudumia aliyepasuliwa titi. Na waliopona wa jimbo letu la Haut-Katanga waitwe mezani rasimu ikiandikwa. Hayo yote yanaweza kuanza hata kabla mashine haijafika.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi