Njaa haizimwi kwa matone

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nilipoanza kufundisha baiolojia mwaka 1988 na sijawahi kuwaandikia hata mara moja. Mmekosea mengi, nikanyamaza. Lakini ile ripoti ya ukurasa wa afya kuhusu kemikali ya njaa iliyo ubongoni, ile yenye picha ya mwanamke ameshika chapati mbili, imenikera hadi leo.

Mliiita homoni ya unene na mkasema imegunduliwa juzi. Hiyo ni nyuropeptaidi Y. Kazuhiko Tatemoto na Viktor Mutt waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm, wakaitangaza mwaka 1982. Ni mnyororo wa asidi amino 36, vile vijenzi vya protini, unaoanza na kijenzi kiitwacho tairosini na kuishia na tairosini, na Y ndiyo herufi ya tairosini kwa wanakemia. Seli za neva ndizo hupelekeana ujumbe kwa kemikali hiyo. Ni kweli kwamba ikidungwa ndani ya ubongo wa panya aliyeshiba, panya huyo hurudi kula. Hilo mliliandika kwa herufi kubwa. Mbona hamkuandika kwamba mwaka 1996 panya waliozaliwa bila kemikali hiyo kabisa walikula na kukua kama wenzao? Au kwamba kampuni ya Merck ilijaribu kwa mwaka mzima dawa ya kuziba kipokezi chake kimoja, yaani mahali kwenye seli panapoipokea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yakaonyesha kwamba uzito uliopungua ulikuwa mdogo mno usiwe na maana kwa mgonjwa? Ubongo una njia nyingi za kumkumbusha mtu kula. Ukifunga moja, nyingine ziko wazi.

Sasa niwaeleze kilichotokea kwetu. Mdogo wangu anauza vitambaa sokoni Gikomba. Ni mnene, na amechoka kuambiwa hivyo na kila mtu, hata na wateja. Aliikata ripoti yenu kwa makasi ya kazi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pochi, kisha akashuka mjini kwenye duka moja la ghorofani akanunua kichupa cha matone kwa Sh4,500. Karatasi ya kichupa ilisema mna peptaidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, za kuzima kemikali ya njaa. Mwenye duka alimwonyesha ukurasa wenu huo huo, ameubandika ukutani! Basi akaacha kiamshakinywa, akaacha chakula cha mchana, akawa anakunywa strungi na matone kumi asubuhi, kumi jioni. Siku ya tisa alianguka kati ya marobota ya vitambaa. Nilipomchukua nikakaa naye, nilimkuta saa nane usiku jikoni, taa imezimwa, anakula ugali uliolala, kwa mkono, amesimama, anakwangua sufuria huku analia. Aliniambia, "Dada, mimi sina akili ya kujizuia, hata gazeti limesema." Mhariri, nilifundisha miaka thelathini na sikuwahi kumsikia mtu akinukuu somo vibaya kwa uchungu namna ile. Akili anayo. Mtu akikaa njaa mafuta yake hupungua, homoni ya leptini inayotoka kwenye mafuta hayo hushuka, na seli za haipothalamasi, kule chini ya ubongo, humwaga nyuropeptaidi Y zaidi. Kadiri alivyojinyima ndivyo ubongo wake ulivyomsukuma kula. Ubongo ulikuwa unamlinda asife. Na yale matone, hata kama yalikuwa na peptaidi kweli, peptaidi ukiimeza hivi hivi tumbo na utumbo huikatakata kama vinavyoikata protini ya omena. Haifiki kichwani. Tena kemikali yenyewe hukaza mishipa ya damu na husaidia kutuliza wasiwasi, kwa hiyo si swichi ya kuchezewa na mtu asiyejua inakoelekea.

Na hayo mabango kwenye nguzo za stima! Kutoka Buruburu hadi mjini nimehesabu kumi na saba ya chai ya kupunguza tumbo, na mengine yako ndani ya matatu, juu ya kichwa cha dereva. Wasichana wa kidato cha pili wanayasoma kila asubuhi. Matangazo ya namna hiyo yamo hata nyuma ya ukurasa wenu wa afya.

Naomba mambo mawili. Mwandishi wenu, kabla ya kuandika tena juu ya dawa yoyote ya njaa, avuke barabara hadi Chiromo, kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi, amtafute mhadhiri wa fiziolojia amuulize kama kitu hicho kikimezwa kinafika ubongoni, kisha aulize Bodi ya Dawa na Sumu kama kimesajiliwa. Pili, nataka masahihisho. Yawe ukurasa ule ule, Jumamosi, kwa ukubwa ule ule, na pale palipokuwa na picha ya mwanamke wa chapati paandikwe kwa herufi nene kwamba njaa si uvivu. Nitayakata mwenyewe nimpelekee mdogo wangu Gikomba, maana kile kipande cha kwanza bado anacho kwenye pochi.

Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi